Kachupa kangu ka sitroneli na memuari zetu za kila mwaka

Niko na kachupa kamoja kwenye etajeri, ka mafuta ya sitroneli, yale majani wengine wanaita mchaichai. Tulitoa mafuta yale wenyewe nikiwa nasoma kemia hapa Bukavu. Kilo tatu za majani toka shamba la shangazi kule Kabare, umeme ukakatika saa nne asubuhi, tukahamishia sufuria kwenye mbabula ya makala, tukapepea mpaka jioni macho yote mekundu, na mafuta yaliyotoka hayakujaza hata kijiko cha supu. Juzi nimekafungua, harufu imechacha, ule ulimao hakuna tena.

Ndo maana memuari zetu, zile kazi za utafiti za kumaliza chuo, zinanichosha. Kila mwaka ni jani fulani, mafuta yake, sahani za bakteria kuona kama yanawaua, kaduara ka bakteria waliokufa, profesa anapiga makofi, tunaenda kunywa bira. Na mimi nilifanya hivyo hivyo, sijifichi. Ila hakuna anayeuliza mafuta yenyewe yatakaa vipi ndani ya chupa, maana sitrali, ile inayobeba harufu ya sitroneli, hewa na mwanga vinaimaliza pole pole. (Na tafadhali, msiwanyweshe watoto mafuta ya mikaratusi eti ni ya asili, ni sumu ile.)

Sasa dawa yake iko kwenye fufu, ugali wetu wa muhogo. Wanga wa muhogo ni mnyororo wa glukozi, na kuna bakteria wenye kimeng'enya (enzaimu, protini inayoharakisha kazi za kemia) kinachokata ule mnyororo na kuufunga uwe pete, glukozi 6, 7 au 8, ndo siklodekistrini. Mfaransa Villiers aliandika habari zake tangu 1891, yeye alitumia wanga wa viazi. Nje pete inapenda maji, ndani haiyapendi, basi sitrali inaingia mule inatulia, hewa inaipata kwa shida.

Na pete hiyo hiyo, mkemia Ronald Breslow wa chuo kikuu cha Columbia kule New York aliipachika imidazoli mbili, vipande vidogo vya kemia vinavyosaidia kukata, kwa kuiga ribonukleasi, kimeng'enya kinachokata RNA (molekuli inayobeba habari za jeni), na pete ikaanza kukata molekuli iliyokaa ndani yake. Kimeng'enya bandia! Kwa mbio hakikifikii cha asili, mbali sana, lakini kinafanya. Frances Arnold, Nobel ya kemia ya 2018, yeye alipita njia ingine, anabadilisha jeni za kimeng'enya halafu anachagua kilicho bora, ile inataka vyombo ambavyo hatuna, tuiache.

Mkubwa mmoja aliniambia hayo ni mambo ya Wazungu. Mambo gani ya Wazungu, wakati mji huu umetoa kwinini, dawa ya malaria, kwenye maganda ya miti miaka na miaka, na Lwiro pale juu kuna kituo cha utafiti tangu wakati wa Wabelgiji? Muhogo ndo utatushinda?

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa mwaka wa mwisho alikuja kuniomba sije, yaani mada, ya memuari. Nikamwambia, nusu ya mafuta acha peke yake, nusu tia ndani ya pete, weka zote dirishani miezi mitatu, halafu pima sitrali iliyobaki. Akauliza kama profesa atakubali. Nikamwambia beba kachupa kangu, umnusishe kwanza.