Mbegu ya tango chotara hairudiwi

Kuna makala inayowashauri wakulima wa Muheza wakamue mbegu za matango chotara na kuzipanda tena. Hapana jamani! Kizazi cha pili hugawanyika: mche huu wazaa, ule una maua dume mengi. Nguvu ya chotara hutoka kwa wazazi wawili tofauti, kila mmoja amechavushwa kwa chavua yake mwenyewe vizazi kadhaa hadi akatulia, yaani watoto wake wakafanana. Mkitaka kuzalisha mbegu ya chotara wenyewe, mama awe na maua jike mengi, tena mchagueni msimu wa joto, maana joto huongeza maua dume. Jioni fungeni kwa uzi ua jike litakalochanua kesho (lina kitango chini yake), na ua dume la baba vilevile. Asubuhi na mapema yafungueni, pakeni chavua ya ua dume kwenye ua jike, fungeni jike tena. Mkichelewa kufunga, nyuki ameshaleta chavua ya jirani.