Anwani Zipo, Kampuni Hazitaki Kuziwasha

Binamu yangu ana duka la vipuri Morogoro. Ameweka kamera na anataka kuliangalia duka akiwa safarini. Kampuni inayomuuzia intaneti imemjibu kwamba akitaka anwani yake mwenyewe ya intaneti, yaani namba ya kumfikia mtandaoni, atalipia kila mwezi, juu ya malipo ya kawaida, kwa sababu "anwani zimekwisha". Nilipopiga simu kuuliza habari za IPv6, mpangilio mpya wa anwani za intaneti, dada wa huduma kwa wateja akaniuliza kama hicho ni kifurushi kipya. Yeye simlaumu hata kidogo. Nawalaumu waliomweka pale bila kumwambia.

Zilizokwisha ni anwani za zamani, IPv4. Zilipangwa kwa biti 32 mwaka 1981, jumla yake kama bilioni 4.3, wakati intaneti ikiwa bado kazi ya watafiti na jeshi la Marekani. Zikagawiwa bila hesabu: MIT, chuo kimoja tu, kilipewa zaidi ya milioni 16. Bara zima la Afrika, watu kama bilioni 1.5, tuna takriban milioni 120. Februari 2011 ghala kuu la dunia likatoa mafungu yake ya mwisho. Na mrithi alikuwa ameshaandikwa tangu Desemba 1995! IPv6 ina biti 128. Kila nyumba ya Tandale inaweza kupewa anwani nyingi kuliko zote za zamani za dunia nzima, na bado zikabaki. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye familia, na sisi bado tunaambiwa tusubiri.

Badala ya kuhama, kampuni zetu zimetuweka nyuma ya anwani chache tunazochangia watu wengi kwa pamoja. Mafundi wanaita CGNAT. Waliokua enzi za barua wanakumbuka S.L.P. ya shule au ya parokia, ambayo mtaa mzima uliitumia. Lakini S.L.P. ile ilipokea barua ya yeyote aliyekuandikia. Hii ya sasa inapokea majibu tu. Usipoanza wewe, hakuna anayeweza kukufikia. Ndiyo maana picha za duka la Morogoro inabidi zipitie seva ya mtengenezaji wa kamera, nchi za mbali, ndipo zimfikie mwenye duka aliye Dodoma. Ndiyo maana kijana wa Mbeya aliyejifunza kuendesha seva kwenye kompyuta chakavu hawezi kumwonyesha mwenzake wa Mwanza kazi yake mpaka akodi mashine Ujerumani, kwa fedha za kigeni. Tunamwambia abuni, huku tumemfungia mlango wa kuingilia. Intaneti aliyopewa ni ya kutazama vya wenzake, si ya kuweka vyake, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali.

Kisha jirani usiyemjua akituma barua taka, inayofungiwa ni anwani yenu wote. Unaambiwa uthibitishe kwamba wewe si roboti, unachagua picha za taa za barabarani, zinakuja nyingine. Hayo ni madogo. Mwaka 2017 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, walilalamika hadharani kwamba mfumo huu unawazuia wachunguzi kumtenga mtuhumiwa na watu wengine wote waliokuwa kwenye anwani ileile. Hapa kwetu tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na mtu anaweza kufikishwa mahakamani kwa ujumbe mmoja. Fikiria ushahidi uwe ni anwani uliyochangia na usiowajua. Hilo linanitisha kuliko habari zote za kamera.

Nakubali, shingo upande, kwamba kuhama kuna gharama ya kweli. Mashine yenye IPv6 pekee haiongei moja kwa moja na yenye IPv4 pekee, kwa hiyo mwenye mtandao anaendesha mifumo miwili na kufundisha mafundi upya. ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ilipohamia TCP/IP, taratibu za mawasiliano tunazotumia hadi leo, ilipangwa siku moja, 1 Januari 1983. Leo hakuna mwenye mamlaka ya kuipangia dunia siku kama hiyo.

Lakini India je? Jio, kampuni ya simu ya huko, iliingia sokoni Septemba 2016 ikiwa na IPv6, kwa wateja wenye kipato kidogo kama sisi, na leo sehemu kubwa ya intaneti ya India inapita kwenye IPv6. Simu yako inaijua IPv6. Google na Facebook zinaijua. Kampuni nyingi za Afrika zimeshachukua mafungu yao ya IPv6 kutoka AFRINIC, taasisi inayogawa anwani za intaneti Afrika, wakayaacha yalale.

AFRINIC yenyewe, pale Mauritius, ni jeraha jingine. Tulikuwa bara la mwisho kuishiwa, tukadhani ni bahati. Mwaka 2019 ikabainika kwamba mamilioni ya anwani zilichepushwa. Ukafuata ugomvi na kampuni iliyokuwa na anwani zaidi ya milioni 6, akaunti za benki zikazuiwa 2021, na mwaka 2023 taasisi ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Uhaba ndio uliozaa tamaa hiyo. Microsoft ilinunua anwani 666,624 za Nortel, kampuni ya mawasiliano iliyofilisika, mwaka 2011 kwa dola milioni 7.5. Tangu Februari 2024 Amazon, inayokodisha seva, inatoza kila anwani ya IPv4 nusu senti ya dola kwa saa, karibu dola 44 kwa mwaka, na kijana wa Mbeya naye yumo kwenye bili hiyo.

Novemba 2020 serikali ya Marekani iliagiza taasisi zake za shirikisho zifikishe asilimia 80 ya vifaa vyao vya mtandao kwenye IPv6 pekee kufikia mwisho wa mwaka wa fedha 2025. Haikuzibembeleza kampuni, ilisema kama mnunuzi. Serikali yetu nayo inanunua intaneti ya halmashauri, hospitali na vyuo. Zabuni zijazo ziseme wazi kwamba asiyetoa IPv6 hapati kazi.

Na wewe mhandisi wa mojawapo ya kampuni hizi, najua haya yote unayajua. Ulishaandika pendekezo, likalala mezani kwa bosi. Liandike tena, na safari hii uweke bei ya anwani za IPv4 mnazokodi na bei ya mitambo ya CGNAT mnayoongeza kila wateja wanapoongezeka.