Jino halikung'oka, naomba nieleweke

Naanza kwa kukanusha. Wote mliopata ile voisi ya shosti wangu, ya dakika nne (dakika nne jamani, hata taarifa ya msiba haifiki huko), anayosema "chokoleti yake imemng'oa jino mbele za watu", futeni. Chokoleti haijaning'oa jino. Lile jino liling'oka zamani sana, nikiwa shule, nilipopaa na baiskeli ya watu nikatua kwa uso, na tangu siku hiyo pale mbele juu nina la bandia, la kuvaa na kuvua, lenye kibao cha plastiki cha pinki kinachokaa kwenye kaakaa na viwaya viwili vya kushikilia meno ya jirani.

Ndiyo. Sasa mmejua. Mapicha yote yale niliyowachekea, kumbe mlikuwa mnachekewa na plastiki. Waliokuwa wanajua ni mama, daktari wa meno, na glasi ya maji iliyo pembeni ya kitanda changu. Na oneni ujinga wangu, ili nimuumbue shosti kwamba kasema uongo imebidi nijiumbue zaidi ya alivyoniumbua yeye. Ila uongo siupendi.

Haya, chanzo.

Jimu tupo watu kama kumi wa alfajiri, na kila tukimaliza lazima mtu alalamike hamu ya vitu vitamu. Mi na kiherehere changu nikasema hivyo vibaa vya protini mnavyonunua ni sukari tu imevaa trakisuti, ntawatengenezea vya kwangu, vya afya kabisa, chokoleti nyeusi asilimia 70, siagi ya karanga, asali kidogo na unga wa protini, mtakula mtaniombea dua. Kocha akasema basi lete Jumamosi. Nani alinituma kufungua mdomo. Mdomo huo huo.

Nikapiga hesabu kwenye karatasi kama mhasibu. Unga vijiko vinne vya kopo, kila kijiko gramu 30, na ndani ya hizo protini ni kama gramu 24, hapo 96. Siagi ya karanga gramu 200, ongeza nyingine kama 50. Gawa kwa vipande 12, kila kipande protini gramu 12 na chenji. Nikajipigia makofi. Upande wa kalori sikuujaza, nimekuja kuujaza jana maana siku hizi sitoki nje: siagi ya karanga peke yake inacheza kwenye 1,200, chokoleti jumla gramu 200 nayo inakimbilia huko huko, weka asali, weka unga, unapata kama kalori 250 kwa kipande. Yani ni kama chokoleti ya kawaida ya kununua, tofauti ni kwamba ya kununua haiji na jino.

Ijumaa usiku nikaingia jikoni. Chokoleti ukiiyeyusha inataka ubembeleze, bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, na tone la maji lisiingie ndani. Hilo nalijua, nimelisoma mara mia. Sasa sijui shetani gani akaniambia funika na mfuniko iwahi. Mvuke ukapanda ukajikusanya juu, nilivyoinua mfuniko matone manne matano yakadondoka, na chokoleti iliyokuwa inang'aa kama kioo cha gari la harusi ikanuna palepale, ikajikunja, ikawa tope lenye chengachenga. Ile ni sukari na kakao kavu zinaelea kwenye mafuta, zikipata maji kidogo zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Na dawa yake, kwa mnaotaka kujua, ni kuongeza maji ya moto au maziwa ya moto, kijiko kimoja kimoja huku unakoroga, mpaka ilegee iwe sosi nzito, maisha yaendelee. Najua, maji yameharibu halafu unaongeza maji, ila ndo ilivyo.

Mi nikaongeza unga.

Na unga wenyewe sasa. Resipi ilisema protini ya aina ya wei. Kopo langu limeandikwa kaseini, aina nyingine, kwa herufi kubwa kuliko za jina langu kwenye kitambulisho. Nikasema si zote zinatoka kwenye maziwa? Zinatoka, ndiyo, kama mimi na kaka yangu tulivyotoka tumbo moja na yeye ana akili. Wei haina makuu, unaichanganya inakubali. Kaseini ikiona unyevu inaunywa wote, inavimba, inakaza. Nilivyoweka kijiko cha tatu mwiko ukasimama wenyewe katikati ya bakuli. Cha nne nilikichanganya nimepiga magoti, bakuli nimelibana kwa mapaja.

Nikaongeza asali ili ilegee. Haikulegea, ikanata. Kwa hiyo hapo mkononi nina kitu kigumu NA kinanata, na mtu mwenye meno ya bandia na akili timamu angejiuliza swali moja tu dogo. Daktari alishaniambia kabisa, dada yangu, vitu vya kunata waachie wenye meno yao. Nikashindilia kwenye trei kwa ngumi, nikayeyusha chokoleti nyingine safari hii bila mfuniko, nikapaka juu, nikatia friza usiku kucha. Kwa nje walahi vilitoka vizuri. Nikapiga picha, nikaposti, mkalaiki wee, nawakumbuka mmoja mmoja.

Sasa tukio. Nalieleza taratibu maana kila nikifumba macho linakuja taratibu.

Jumamosi, mazoezi yameisha, watu wamekaa kwenye mikeka wanahema. Nafungua kontena. Kocha anasema mpishi aonje kwanza. Yule kaka wa vyuma vizito kashachukua chake, anasubiri kwa adabu. Shosti ametoa simu, anarekodi. Mi nikachukua kipande nikakigeuzageuza mbele ya kamera nikasema, na haya maneno yapo kwenye video na hataki kuifuta, "angalieni kinavyokatika kwa ndani". Nikang'ata.

Mwanzo raha. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi kama 34, mdomo wa mtu una kama 37, kwa hiyo lile ganda la juu likalainika likapotea lenyewe vile inavyotakiwa, tamu, nikafumba macho nikafanya mmmh. Halafu meno yakafika kwenye kaseini. Mmewahi kung'ata ndala iliyolala kwenye friza? Nikaongeza nguvu kwa sababu kamera inaniangalia, meno yakazama, nikajaribu kukitoa, hakitoki. Nikavuta. Kikawa kinarefuka, kinakuja, na mimi nakuja nacho, shingo imetangulia kama kobe anaomba lifti. Nikavuta kwa mikono miwili. Ndo nikasikia kwenye kaakaa ile sauti ambayo mwenye meno ya bandia tu ndo anaijua, haina kelele, kama mfuniko wa kopo unaachia. Tk.

Kaubaridi kakapita mbele. Upepo. Mahali ambapo hapajapigwa na upepo mbele za watu tangu enzi za ile baiskeli.

Nikafunga mdomo. Nikaangalia mkononi. Pale nilipong'ata limesimama jino langu, jeupe, safi, linaangalia watu. Kibao cha pinki chote kimezama nyuma yake ndani ya chokoleti, hakionekani kabisa. Jino peke yake. Limekaa vizuri kuliko linavyokaaga mdomoni.

Na hakuna aliyejua bado! Nataka muelewe hapo ndo panaponiuma, nilikuwa na sekunde kama tano za kuokoka. Ningekunja kiganja tu, ningejifanya nakohoa, ningeondoka na heshima yangu mfukoni. Lakini kuna bonge limebaki mdomoni limegundi taya la juu na la chini, na akili imezima, nikabaki nimeinua kipande juu kama dalali.

Sasa yule kaka. Ni mkimya, miezi yote hajawahi kunisemesha zaidi ya "habari za asubuhi", na naomba msiniulize kwa nini nimekuwa nikipaka wanja saa kumi na moja alfajiri kwenda kunyanyua vyuma. Leo ndo kaamua kuongea.

"Aah, kumbe umeweka na lozi!"

Akaangalia chake juu, chini. "Changu hakina." Akanyoosha mkono, kwa upole kabisa, akachukua changu, akaniwekea chake kiganjani. "Tubadilishane basi, dada."

Nikasema hapana. Yani nilikusudia kusema hapana. Kilichotoka ni "haffaffa" na kapovu ka kahawia. Akatabasamu. Nadhani alisikia haina shida.

Kipande kikaanza safari ya kwenda mdomoni kwake. Nakiona. Jino langu limekaa mbele kama dereva. Nikawaza nimwache tu, ang'ate, nitasema ni lozi za kigeni, kesho nahama. Nikawaza viwaya. Nikawaza mama akiulizwa. Mdomo wake ukafunguka, meno 32 yote ya Mungu, yamepangana, lipsi ikagusa, walahi iligusa, na hapo ndo fahamu zikarudi nikarusha mkono nikampiga kofi la kiganja lililosikika mpaka mapokezi.

Kipande kikaruka, kikagonga dambeli, ngo! kama jiwe, hakikumeguka hata chembe, kikabingirika, kikaenda kusimama mbele ya kiatu cha kocha. Watu wote wananiangalia mimi mwendawazimu niliyempiga mtu kwa sababu ya lozi. Kocha akainama. Akakiokota. Akakipuliza vumbi. Akaishika ile lozi kwa vidole viwili, akaivuta, ikagoma, akaivuta tena, ikatoka na kibao chake kizima, inaning'inia, inadondosha chokoleti. Akaisogeza karibu na taa. Akaigeuza. Yule wa kwenye baiskeli akaacha kukanyaga.

Kocha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, "Hii lozi ina waya."

Mengine ni haraka haraka. Nikampokonya, nikakimbilia bafuni, nikaisafisha kwa maji ya moto sana ili chokoleti itoke, na ile plastiki maji ya moto sana haiyataki, ikapinda, haikai tena, kwa hiyo nikapita mbele yao wote na taulo mdomoni kama jambazi, nikasahau kontena, nikarudi kulichukua, ndo mbaya zaidi. Jumatatu nikaenda kwa daktari, kachukua vipimo vya jino jipya, kaniuliza imekuwaje, nikamweleza, katoka nje kidogo kurudi macho mekundu. Mi namlipa, acheke tu. Kundi letu la mazoezi limebadilishwa jina linaitwa LOZI. Na wewe unayenitumia vikatuni vya lozi tangu asubuhi, nakujua, na mume wako ana upara wa siri chini ya ile kofia, tusifike huko.

Shosti naye nimempigia kumgombeza, akaniambia "sasa shoga ulitaka niwaambie ni la bandia?" Kumbe mwenzangu alikuwa ananisitiri. Kile chote cha dakika nne ni kunisitiri. Nimeshindwa hata kununa vizuri.

Jana usiku simu ikalia, meseji, namba ya yule kaka. Nikaangalia ukuta kwanza. Anauliza vile vipande vingine vimebaki? Nikamjibu vipo kumi, kwenye friza, ila avitoe vikae nje nusu saa ndo ale, na akate kwa kisu, tafadhali kaka akate kwa kisu.

Akaandika: "Vyenye lozi au visivyo?"

Sijamjibu. Jino liko tayari Ijumaa.