Wakimbiaji tunao, chakula tunacho, mtu wa lishe tumemweka wapi?

Kwetu Kenya kozi ya lishe huhesabiwa kama kimbilio la aliyekosa alama za udaktari. Mtoto akileta barua ya chuo yenye kozi hiyo, nyumba nzima inanyamaza kidogo, kisha mjomba mmoja anauliza, "Sasa utaenda kufundisha watu kula?" Nimeisikia kauli hiyo kwa jamaa, kwa majirani, hata kwa daktari niliyewahi kufanya naye kazi. Leo nafanya kazi ya lishe hospitalini Leeds, Uingereza, na kila nikirudi likizo naikuta palepale nilipoiacha. Inaniuma, kwa sababu naamini nchi yenye wakimbiaji kama wetu inajinyima kitu kikubwa kwa kuidharau kazi hii.

Mimi niliiomba ikiwa chaguo la kwanza. Nimekulia Kapsabet, na mama alikuwa na hoteli ndogo karibu na steji. Nilikimbia mbio za nyika tangu shule ya msingi, na nikitoka mazoezini asubuhi napitia jikoni kwake kabla ya kwenda darasani. Wakimbiaji wakubwa, watu waliokuwa wakienda Ulaya na kurudi na medali, walikaa benchi moja na vijana wa bodaboda wakila chapati kwa ndengu na chai ya maziwa. Mama alijua nani hula nini kabla ya mbio ndefu, na nani ameanza kuacha chakula kwenye sahani tangu aumie goti. Nilipenda kukimbia na nilipenda kupika, nikawa natamani kujua chakula kile kinafanya kazi gani kikishafika kwenye msuli. Mwalimu wetu wa baiolojia ndiye aliyenifungua macho kwamba kuna wanaolipwa kwa kulijibu swali hilo.

Sheria Kenya tunayo. Ilipitishwa mwaka 2007 na ndiyo iliyoanzisha KNDI, taasisi inayosajili wataalamu wa lishe na kusimamia mafunzo yao. Vyuo pia tunavyo, na vinatoa wahitimu kila mwaka. Shida yangu iko kwenye mahali tunapomkalisha mtaalamu huyo akishahitimu. Anawekwa mwisho wa korido, karibu na kliniki ya kisukari, na mgonjwa anafika kwake mguu ukiwa tayari na kidonda au figo zikiwa zimechoka. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi nyumbani, mpango wa lishe niliouandika kwenye faili la mgonjwa ungeweza kukaa humo wiki nzima bila mtu kuufungua.

Hapa Uingereza nilikuta mambo tofauti. Kwanza, kupata usajili wa HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, ni kazi kweli: wanataka kuona kila somo ulilosoma, mafunzo ya vitendo uliyofanya hospitalini, na ushahidi wa Kiingereza chako. Anayejipa cheo cha mtaalamu wa lishe tiba bila usajili huo anavunja sheria. Lakini ukishaingia, neno lako lina uzito. Chukua mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kumeza, aliyewekewa mrija wa puani, na aliyekaa siku kadhaa bila kula. Mimi ndiye ninayeamua aanze na mililita ngapi kwa saa. Nikimpa nyingi kwa haraka, fosfeti na potasiamu kwenye damu yake zinaweza kuporomoka na moyo ukayumba, kwa hiyo naanza chini, naomba damu ipimwe, napandisha taratibu. Daktari anaingia wodini na kuniuliza, "Leo tunakwenda kwa kiwango gani?" Ananiuliza kwa sababu hiyo ni kazi yangu, kama upasuaji ulivyo kazi ya mwingine.

Siku za Jumamosi nakimbia parkrun, zile kilomita 5 za bure zilizoanza mwaka 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, na watu 13 tu. Leo zipo karibu kila mji wa nchi hii, na kuna madaktari wanaowaelekeza wagonjwa wao huko pamoja na dawa wanazowaandikia. Hapo ndipo nilipoombwa kusaidia klabu ya riadha ya vijana, na hapo ndipo nilipoanza kulinganisha kwa makini kilichoko huku na kilichoko kwetu.

Ukitazama chakula peke yake, sisi ndio matajiri. Mwaka 2004 Vincent Onywera, Yannis Pitsiladis na wenzao walichapisha utafiti kuhusu wakimbiaji wa Kenya wa kiwango cha juu wakiwa kambini. Takriban asilimia 76 ya nishati waliyokula ilitoka kwenye wanga, asilimia 10 kwenye protini na 13 kwenye mafuta. Hakukuwa na muujiza mezani: ugali, wali, viazi, mkate, maharagwe, mboga, maziwa, na chai yenye sukari ya kutosha. Mwanariadha wa Leeds anasoma makala kumi na kununua vipakiti vya jeli ili afike kwenye wanga ambao kijana wa Iten, mji wetu wa wakimbiaji, anaupata kwenye sahani ya ugali na vikombe vyake vya chai. Mapendekezo ya kitaalamu kwa anayekimbia zaidi ya saa moja ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na mbio zikivuka saa mbili na nusu zinaweza kufika 90. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, waendesha baiskeli walikuwa wakimkabidhi chupa za kinywaji chenye wanga uliopimwa. Msingi wa yote hayo ni ule ambao wakimbiaji wetu walikuwa nao kabla ya maabara kuuandika.

Ila utafiti huohuo ulionyesha jambo ambalo hatupendi kulitaja tunaposifu ugali wetu. Nishati waliyokula ilikuwa pungufu kuliko waliyotumia. Chakula chenyewe kilikuwa kizuri, kiasi ndicho kilichopungua, na hao ni watu wazima wenye kambi, mpishi na pesa. Sasa mfikirie msichana wa kidato cha tatu anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anakimbia kilomita kumi na mbili tumboni mna chai ya rangi, anaingia darasani, na kukutana na sahani ya githeri saa saba.

Likizo iliyopita binti mmoja wa jirani alinifuata nikiwa naosha vyombo kwa mama. Alisimama mlangoni, akasita, kisha akasema, "Anti, kocha ameniambia nipunguze kilo mbili kabla ya mbio za kaunti."

Nikamuuliza kuhusu hedhi yake.

"Imeacha kuja tangu muhula wa kwanza. Amesema hiyo ni dalili kwamba mazoezi yameshika."

Nilikausha mikono, nikaketi naye. Hedhi kukatika kwa msichana anayekimbia mara nyingi ni mwili kupiga kelele kwamba nishati haitoshi, na hata ikiwa sababu ni nyingine, lazima ichunguzwe. Mwili unaokosa nishati unafunga kwanza shughuli ambazo haulazimiki kuzifanya leo, na uzazi ni mojawapo. Homoni ya estrojeni inashuka, na hiyo ndiyo inayolinda mifupa, kwa hiyo miezi michache baadaye unasikia msichana ana ufa kwenye mfupa wa muundi au wa mguu. Umri wake ndio umri wa kujenga mfupa atakaoishi nao maisha yote. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina lake, RED-S, yaani upungufu wa nishati kwa wanamichezo, mwaka 2014, na ikasema wazi kwamba hata wavulana inawapata. Wangapi tumewapoteza hivi, wasichana waliong'ara wakiwa na miaka kumi na sita na hatukuwasikia tena? Tunasema waliolewa, tunasema waliharibika. Naamini wengine walikuwa na njaa tu.

Katika klabu ya hapa, msichana akijiunga anaulizwa kuhusu hedhi kwenye fomu ileile inayouliza majeraha. Akisema imekatika, anapelekwa kwa daktari, anapimwa damu na akiba yake ya madini ya chuma, na familia hailipi chochote. Kocha mwanamume anaongea habari hizo bila kuona haya. Hiki ndicho kitu ningekibeba kutoka Uingereza kwenda nacho nyumbani kama ningeruhusiwa kimoja tu.

Na suala la madini ya chuma kwetu lina uzito wake. Iten iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, na mwili unaoishi na kufanya mazoezi huko unahitaji madini ya chuma kutengeneza chembe nyekundu za damu. Msichana anayepata hedhi anayapoteza kila mwezi. Halafu tunakunywa chai pamoja na chakula, na chai huzuia madini ya chuma ya kwenye mboga na maharagwe yasifyonzwe vizuri. Ushauri niliompa binti yule haukuhitaji duka lolote: chai isogee saa moja mbali na mlo, managu au terere iliwe na chungwa au pera, maharagwe yalowekwe usiku, omena irudi mezani mara mbili kwa wiki, na uji wa wimbi wenye maziwa unywewe mara tu baada ya mazoezi ya asubuhi. Na aende hospitali akapimwe. Hilo nililisisitiza, nikaongea na mama yake pia.

Pengo hili tunalolipuuza wengine wanalijaza. Ukipita mjini leo unakuta makopo ya unga wa protini na vidonge vya nguvu vikiuzwa kwa vijana kwa maneno matamu. Kanuni za michezo duniani zinasema mwanariadha anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua kilikuwa ndani ya kopo. Kenya imelipia somo hili kwa aibu kubwa, na ADAK, shirika letu la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, limekuwa na sheria yake tangu mwaka 2016. Lakini ADAK humfikia mtu kwa semina au kwa chupa ya mkojo. Anayepaswa kumfikia siku ile anashika kopo mkononi na kuuliza, "Hii ni nzuri?" ni mtu wa lishe, na kambini hayupo. Hapa mwanariadha wa kiwango cha juu hufundishwa kutafuta bidhaa ambayo fungu lake limepimwa kama lina dawa zilizopigwa marufuku, na bado jibu langu la kwanza kwake ni maziwa, mayai na maharagwe.

Sitaki msomaji adhani nimepotelea kwenye kuisifu Uingereza. Nchi hii imeweka kodi kwenye vinywaji vyenye sukari nyingi tangu 2018, pakiti za chakula zina rangi nyekundu, njano na kijani kuonyesha mafuta na chumvi, na mgonjwa wangu anaweza kunitajia kalori za sandwichi yake bila kusoma. Mgonjwa huyohuyo mara nyingi hajui kupika dengu. Anakula amesimama, peke yake, macho kwenye simu. Nimewahi kutumia sehemu kubwa ya miadi nikimweleza mzee mmoja mjane jinsi ya kuchemsha maharagwe na kuyaunga kwa kitunguu na nyanya, kwa sababu ushauri mwingine wote ungekuwa maneno matupu kama hana cha kuweka jikoni. Ujuzi huo sikuupata kwenye chuo chochote. Nao nyumbani tunaanza kuupoteza: takwimu za mwaka 2022 zilionyesha udumavu wa watoto chini ya miaka mitano Kenya umeshuka hadi asilimia 18 kutoka 26 mwaka 2014, na hilo ni jambo la kujivunia, lakini chipsi na soda zinapanda mezani kwa kasi ambayo tunaiona sote kwa macho.

Kwa hiyo nikisikia mpango wa kambi mpya au shule mpya ya vipaji, naangalia orodha ya waajiriwa. Kocha yupo, mlezi yupo, wakati mwingine mtaalamu wa viungo yupo. Jikoni kuna mpishi aliyepewa gunia la mahindi na kuambiwa ajitahidi. Huduma za afya zimekuwa chini ya kaunti tangu 2013, na wahitimu wa lishe wasio na kazi nawafahamu kwa majina, wengine waliwahi kukimbia nami. Kaunti yenye kambi ikiwaajiri watatu au wanne tu, ikawatuma waizungukie kambi na shule za bweni, wakapanga na mpishi na kukaa na kocha, itatumia pesa kidogo kuliko ziara moja ya maofisa wake nje ya nchi.

Nikipata kaunti itakayonichukua kwa kazi hiyo, nitarudi. Mshahara hautakaribia wa hapa, nimeshaupigia hesabu na mume wangu na tumekubaliana. Ninachotaka kiandikwe kwenye mkataba ni kwamba kituo changu cha kazi ni kambini na shuleni, na kwamba jikoni nitaingia.