Drafti ya 2009 na dari la Hasheem Thabeet

Tarehe 25 Juni 2009, jina la pili kutajwa kwenye drafti ya NBA, zamu ambapo timu za ligi ya kikapu ya Marekani huchagua wachezaji wapya, lilikuwa la kijana wa Dar es Salaam. Hasheem Thabeet, senta (mchezaji mrefu wa karibu na goli) wa sentimita 221 kutoka Chuo Kikuu cha Connecticut, akavaa kofia ya Memphis Grizzlies. Kabla yake alikuwa ametajwa Blake Griffin peke yake. Baada yake akaja James Harden, Oklahoma City. Wa saba alikuwa Stephen Curry, Golden State. Wa tisa DeMar DeRozan, Toronto. Tangu hapo, kila anayeandika kuhusu makosa makubwa ya drafti lazima amguse Thabeet, na kila mara inaniuma, kwa sababu wengi wanaandika kana kwamba kosa ni la aliyechaguliwa.

Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kucheza NBA 2K, gemu ya video ya kikapu. Mechi ya haraka na rafiki ni burudani, lakini ninachokipenda hasa ni MyNBA, sehemu unayoikamata timu nzima na kuiendesha msimu baada ya msimu: usajili, mishahara, drafti, nani aanze na nani akae benchi. Toleo la NBA 2K23, lililotoka mwaka 2022, lilileta ndani yake kitu kinachoitwa Eras. Unaweza kuianza ligi mwaka 1983, enzi za Magic Johnson na Larry Bird, au 1991 na Michael Jordan, au 2002 na Kobe Bryant. Toleo lililofuata likaongeza 2010, LeBron James alipohamia Miami, na lile la baada yake likaongeza 2016 ya Curry. Jezi ni za wakati ule, na uchezaji nao ni wa wakati ule. Ukianza 1983 utaona timu zinaukwepa mstari wa pointi tatu, kama ilivyokuwa kweli: msimu wa 1983-84 timu ilirusha wastani usiofika mitupo mitatu ya aina hiyo kwa mechi. Kufikia msimu wa kwanza wa Thabeet wastani ulikuwa umefika 18.

Ukishaipata gemu ya namna hii mkononi, unaanza kuuliza: ingekuwaje?

Wengi hukimbilia drafti ya 1984. Houston wanamchukua Hakeem Olajuwon, Portland wenye nafasi ya pili wanamchukua Sam Bowie, na Jordan anawaangukia Chicago akiwa wa tatu. Portland walishakuwa na Clyde Drexler waliyemchukua mwaka mmoja kabla, wakaona wanahitaji mtu mrefu. Kwa hiyo mchezaji wa gemu anakaa kwenye kiti cha Portland, anamchukua Jordan, na misimu michache baadaye kabati limejaa makombe. Sioni utamu wake. Umekuja na jibu mfukoni ukajibu mtihani. Hakuna ulichojifunza kuhusu Portland, wala kuhusu Jordan.

Na hapo ndipo ninapogombana na gemu yenyewe, ingawa naipenda. Kila mchezaji ndani ya MyNBA amebeba namba mbili kubwa: kiwango alichonacho leo, na kiwango anachoweza kukifikia. Hiyo ya pili ndiyo dari lake. Dakika za kucheza na mazoezi vinamsogeza, lakini anasogea kuelekea dari alilowekewa. Na dari hilo limewekwa na watu wanaojua tayari hadithi iliishaje. Curry wa mwaka 2009 anaingia kwenye gemu akiwa na dari la mfalme. Thabeet anaingia na dari la mtu aliyeshindwa, kabla hajaugusa mpira. Unaweza kumpeleka timu yoyote unayotaka, historia imeshaandikwa ndani ya mwili wake.

Usiku ule wa Juni hakuna aliyekuwa na namba hizo. Thabeet alitoka msimu wa 2008-09 akiwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira iliyokosa goli akaidaka) 10.8 na bloku (mitupo aliyoizuia) 4.2, timu yake ikiwa imefika nusu fainali ya taifa ya vyuo. Curry alikuwa kijana mwembamba kutoka chuo kidogo cha Davidson, na miaka mitatu baadaye vifundo vya miguu vilimsumbua hadi akacheza mechi 26 tu za msimu mzima. Golden State walipompa mkataba wa dola milioni 44 kwa miaka minne, mwaka 2012, wengi waliona wanacheza bahati nasibu. Dari la Curry lilijengwa na madaktari, makocha, na uamuzi wa kumuuza Monta Ellis, nyota wa timu wakati huo, ili timu iwe yake. Kipaji kilikuwepo, hilo sina ubishi nalo. Lakini kipaji kilipewa mahali pa kukulia.

Mfikirie Mark Eaton. Alikuwa na kimo kama cha Thabeet na zaidi kidogo, sentimita 224, na alikuwa fundi wa magari California kabla kocha mmoja wa chuo hajamshawishi arudi kwenye kikapu. Akiwa chuo cha UCLA alikaa benchi. Utah Jazz walimchukua mwaka 1982 akiwa mtu wa 72. Hakuwa na mkono wa kufunga. Wastani wake wa maisha yote ya NBA ni pointi 6 kwa mechi. Lakini Utah walimwambia asimame karibu na goli, wakamwacha asimame hapo, wakamvumilia. Msimu wa 1984-85 alizuia mipira 456, rekodi ambayo hadi leo hakuna aliyeisogelea, na mara mbili akatajwa kuwa mlinzi bora wa ligi. Ukianza MyNBA mwaka 1983, Eaton anakuja na namba za mtu aliyekwisha kufanikiwa. Je, angeangukia timu isiyo na subira, mwaka 1982, nani angemkumbuka? Hilo ndilo swali la historia, na gemu hailijibu kwa sababu haiwezi hata kuliuliza.

Au Olajuwon. Alianza kikapu Lagos akiwa kijana mkubwa tayari, karibu umri ule ule wa miaka 15 ambao Thabeet aliuanzia Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba alipofika Houston kusoma, alipata majira ya joto ya kupambana na Moses Malone katika ukumbi wa mazoezi wa Fonde, mtu aliyekuwa ameshachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima, siku baada ya siku, bila huruma. Hakuna darasa linaloweza kulingana na hilo. Ni namba gani ya gemu inayobeba majira ya joto ya Fonde?

Dikembe Mutombo wa Kinshasa ndiye anayenigusa zaidi. Alikwenda Georgetown akiwa na nia ya kusomea udaktari. Alipoingia drafti ya 1991 alikuwa na miaka 25, mtu mzima, na Denver waliomchukua wa nne walikuwa wametoka kushinda mechi 20 na kupoteza 62. Hapakuwa na senta wa kumzuia. Alicheza dakika zote alizoweza kuzibeba na mwaka huo huo akaitwa kwenye mechi ya nyota akiwa mgeni wa ligi. Mwaka 1994 Denver, walioingia mtoano wakiwa wa nane, wakawatoa Seattle, walioshika nafasi ya kwanza, na picha ya Mutombo amelala sakafuni ameukumbatia mpira inajulikana na kila mpenda kikapu Afrika.

Sasa mlinganishe na kijana wetu. Memphis walikuwa na Marc Gasol katika nafasi hiyo hiyo, mwenye msimu mmoja ndani ya ligi na akipanda kila mwezi. Kati ya drafti na mwanzo wa msimu wakamleta Zach Randolph, mtu mwingine wa karibu na goli. Thabeet akapata wastani wa dakika 13 kwa mechi, pointi 3.1, bloku 1.3. Februari 2010 akatumwa kwenye ligi ya chini, D-League, na wakati huo hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu hivyo akatumwa huko. Hapo walimwengu wakamtupa jongoo na mti wake.

Najua atakayenijibu kwa kunitajia Houston. Februari 2011 Memphis walimtuma huko, wakati Yao Ming ameumia na nafasi ya senta iko wazi kabisa, ikichezwa na Chuck Hayes mwenye sentimita 198. Na bado Thabeet karibu hakucheza. Hoja hii ni nzito na siikimbii. Thabeet hakuwa Olajuwon, na mguu wake ulikuwa mzito kwa ligi iliyoanza kuwakimbiza masenta hadi kwenye mstari wa pointi tatu. Lakini aliyefika Houston hakuwa tena kijana wa Connecticut. Alikuwa ametoka kwenye mwaka mmoja na nusu wa kukaa benchi, kushushwa, na kusoma jina lake kwenye orodha za aibu. Siwezi kukitumia kipindi cha Houston kama ushahidi wa alivyokuwa Juni 2009.

Nimejaribu njia nyingi. Naanza mwaka 2002, nacheza taratibu hadi drafti ya 2009 ifike, kisha naibadilisha. Gemu isipokuwa na Thabeet, unamtengeneza kwa mkono, kimo na kila kitu. Nilipowapa Memphis Curry, nilitegemea furaha, nikapata simanzi fulani ambayo sikuitarajia. Mike Conley, aliyecheza nafasi ile ile ya Curry, hakuwa na pa kukaa. Timu ikawa ya kukimbia na kurusha kutoka mbali, nzuri kuitazama, lakini ile Memphis ninayoipenda, ya Conley, Tony Allen, Randolph na Gasol, timu ya kusukumana na kukaba hadi mpinzani achoke, haikuzaliwa. Na katika dunia halisi Thabeet ana mkono wake katika kuzaliwa kwake: biashara iliyompeleka Houston ndiyo iliyomrudisha Shane Battier Memphis, na miezi miwili baadaye mtupo wa Battier wa pointi tatu uliwapa Memphis ushindi wa kwanza kabisa wa mtoano katika historia ya klabu, dhidi ya San Antonio, ambao walikuja kutolewa na timu hii iliyoshika nafasi ya nane. Hakuna orodha ya makosa ya drafti inayokumbuka hilo.

Huo ndio utamu halisi wa kuichezesha historia upya. Ukivuta uzi mmoja unaona nguo nzima ilikuwa imeshonwaje. Ushindi wa Memphis wa 2011, mkataba wa Conley, mlango uliofunguka kwa Curry Golden State kwa sababu timu tano zilimpita, vyote vimeshikana na jina moja la Dar es Salaam.

Kuna wanaotumia gemu hii kwa jambo lingine, na hao nawaheshimu sana. Len Bias alichaguliwa wa pili na Boston tarehe 17 Juni 1986, akafariki kwa kokeini tarehe 19. Wapo wachezaji wanaomtengeneza kwa mkono, wanamweka pembeni ya Bird, wanamwacha azeeke. Hapo sina ugomvi na namba, kwa sababu hakuna ajuaye dari lake, na kila anayemtengeneza analazimika kukisia, kubishana na nafsi yake, kutazama mechi zake za Maryland tena. Hakuna matokeo ya kunakili, kwa hiyo kazi inakuwa ya kweli.

Ningetaka watengenezaji watufanyie hivyo hivyo kwa wote. Waweke chaguo la kuficha dari, na la kulipanga upya kulingana na kilichojulikana usiku wa drafti, siyo kilichotokea miaka kumi baadaye. Dakika za mwaka wa kwanza ziweze kulipandisha au kulivunja. Mkongwe mwenye nafasi ile ile awe mwalimu au awe ukuta. Hayo yangeifanya gemu ngumu zaidi, na wapo watakaolalamika wakimkosa Curry wao. Basi wao wabaki na namba za zamani.

Mpaka hapo, nafanya kwa mikono. Drafti inapokaribia naingia kwenye wasifu wa wale saba wa kwanza wa 2009, nawasawazishia dari, nashusha lile la Curry, napandisha la Thabeet, kisha naiacha kompyuta iziendeshe timu zote isipokuwa moja. Awamu hii nimechukua Utah, kwa heshima ya Eaton. Katika historia halisi walichagua wa 20 mwaka ule, kwa hiyo nimeanza mapema kukusanya chaguo za drafti za timu dhaifu ili nipande hadi nafasi ya pili, na sitasajili senta yeyote mwenye umri chini ya miaka 30 mpaka Thabeet afike.