Ua la Mchana

Sisi Wahaya tunasingiziwa majivuno. Nasema tunasingiziwa kwa sababu haya yaliyonikuta hayahusiani na kabila kabisa. Yananihusu mimi, chepe langu, na mfuko wa mizizi niliopewa bure.

Tulikuwa tumehamia kwenye nyumba yetu hapa Brooklyn Park, Minnesota, hata miezi minne haijaisha. Jirani yetu wa kushoto ni bibi wa Kizungu, miaka 70 na ushee, mgongo umepinda kidogo lakini mikono kama ya fundi seremala. Mwisho wa Agosti alikuwa anagawanya maua yake. Yakikaa miaka mingi pamoja yanabanana, anasema, yanaanza kuchanua kwa uvivu. Akaniletea mafungu sita kwenye mfuko wa dukani.

Nikachungulia. Vishada vya mizizi minene, mingine imevimba kama karanga mbichi, juu yake majani yamekatwa kipara kama wanafunzi wa kidato cha kwanza. Nikamuuliza yanaitwaje. Kitaalamu ni Hemerocallis. Kwa Kiingereza cha mtaani ni yungiyungi, halafu mbele yake kuna lile neno tulilofundishwa shule ya msingi, ambalo kwetu ni mchana na pia ni siku. Mimi, nshomile, yaani msomi, nikachagua mchana bila kusita. Ua la mchana! Usiku linalala, asubuhi linaamka, kama watu wenye kazi nzuri. Mimi nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nikalionea wivu.

Bibi akanielekeza: chimba kidogo tu, tandaza mizizi, pale majani yanapokutana na mizizi pafunikwe na udongo inchi moja, basi. Nikaitikia kwa kichwa, kule kuitikia kwetu mbele ya mtu mzima. Moyoni nikasema, huyu bibi anataka kumfundisha kupanda mtu aliyezaliwa ndani ya kibanja, shamba la migomba?

Kwetu Bukoba mche wa mgomba hauchomekwi inchi moja. Unachimbiwa shimo la futi mbili na samadi inaingia kwanza. Basi nikachimba mashimo sita, futi mbili mbili, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Nikaenda dukani kununua samadi. Ndiyo, huku mavi ya ng'ombe yanauzwa kwenye mfuko wa plastiki wenye picha ya nyanya. Nikampigia mama kumhadithia. Akacheka, akamwita shangazi, nikarudia, wakacheka wote wawili. Kisha mama akauliza:

"Hiyo samadi yote unapanda nini?"

"Maua, mama."

"Yanaliwa?"

"Hayaliwi. Ni ya kutazama."

Simu ikanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

Majira ya joto yaliyofuata, kwa bibi ilikuwa sherehe. Rangi ya chungwa imejaa uwanja mzima, mpaka wenye magari wanapunguza mwendo. Kwangu yalitoka majani machache, membamba, ya njano, kama yanaomba radhi. Nikaongeza samadi. Nikatandaza nyasi kavu juu, kama kibanjani. Yakazidi kunyauka. Na huyu bibi aliniambia maua haya hayafi! Huku yanaota hata mitaroni kando ya barabara bila mtu kuyapanda, yalishatoroka bustanini zamani, na ukiacha kipande cha mzizi ardhini yanarudi.

Agosti bibi akaja na uma wake wa bustani. Akauzamisha. Akainua udongo, akatazama, akazamisha tena. Mara ya tano akapiga goti, akaingiza mkono shimoni mpaka kwenye kiwiko, akatoa kishada kimelowa.

"Hapa ulipanda au ulizika?"

"Kwetu ndivyo tunavyopanda."

"Mnapanda nini?"

"Migomba."

Akanitazama. Akatazama mbingu ya Minnesota, ambako theluji inakaa miezi kadhaa. Hakusema kitu. Akarudisha udongo kwenye shimo, akatengeneza kichuguu kidogo, akakikalisha kishada juu yake kama kuku anayeatamia, mizizi ikashuka pande zote. Akafunika inchi moja. Mafungu yote sita tukayamaliza kwa nusu saa. Mimi mwaka uliotangulia nilitumia Jumamosi nzima na dawa ya kuchua mgongo.

Julai hii ndipo nilipoujua utamu. Yalitoka mabua tisa, marefu, hayana hata jani, na kila ncha ina matumba yaliyochongoka kama vidole. Nikayahesabu: 87. Nikayahesabu tena mbele ya mke wangu, naye akaniambia ana watoto wawili na hajawahi kuniona nikiwahesabu hivyo.

Nikatangaza kwenye kundi letu la WhatsApp: Jumapili, baada ya kanisa, karibuni nyama choma na kuangalia bustani. Niliandika "bustani". Msinishangae.

Jumamosi asubuhi narudi kutoka kazini, nakuta ua la kwanza limefunguka. Petali sita, rangi ya chungwa lililoiva, katikati mstari wa njano. Nikapiga picha 30 kabla sijavua viatu. Nikamtumia mama. Akajibu: "Zuri. Umekula?"

Jumapili alfajiri nikatoka na kikombe cha chai kwenda kulisalimia. Ua halipo. Yaani lipo, lakini limejisokota, limelegea, nikaligusa likateleza kidoleni kama karatasi ya chooni iliyolowa. Mengine manne yalikuwa yamefunguka usiku ule, yanacheka, hayana habari.

Hapa inabidi mnielewe. Miaka ya 2000 mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera, mkoani kwetu, nilishuhudia vibanja vya watu vikiisha. Wataalamu walipita vijijini wakitufundisha: kata ua dume mapema, migomba iliyougua ng'oa, na kisu ukipitishe kwenye moto kabla hujahamia mgomba mwingine. Ukichelewa, umekwisha. Basi mtu mwenye historia hiyo anapoona ua lake la kwanza limeoza ndani ya saa 24, unategemea afanye nini? Anywe chai?

Nilichukua kisu cha mke wangu cha kukatia nyama na kile kimtungi cha gesi cha kuwashia mkaa. Nikakata bua la kwanza. Nikachoma kisu mpaka kikabadilika rangi. La pili, nikachoma. Yale maua manne yaliyokuwa yanacheka nilisita kidogo, nikajiambia hao ndio wabebaji wa ugonjwa wenyewe. Mabua yote tisa nikayatia kwenye mfuko mpya wa taka, nikaufunga mafundo mawili ili vijidudu visitoke. Nikasimama pale, kisu mkononi, moto unawaka, nimeokoa mizizi.

"Jirani," sauti ikatoka upande wa pili wa uzio. "Kuna nini?"

Nikamweleza kwa uchungu. Jana lilikuwa zima, leo limekufa.

Bibi akaegemea uzio. "Ndiyo. Kila ua linaishi siku moja. Kesho linafunguka jingine. Ndiyo maana yanaitwa hivyo."

Siku. Siyo mchana. Siku! Jina lenyewe lilinieleza tangu Agosti ile ya kwanza, na hata lile la kitaalamu, nilikuja kuambiwa, ni Kigiriki na maana yake ni uzuri wa siku moja. Nshomile mzima, miaka miwili, sijasikia.

Mke wangu alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na taulo kichwani. Alisikiliza yote. Kisha akauliza kwa upole, upole ule unaotisha, wageni wanakuja saa ngapi. Bibi akasema mizizi haina neno, mwakani yatachanua tena. Halafu akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, kwamba matumba ya maua haya yanaliwa. Asili yake ni Asia ya Mashariki, na Wachina wanakausha matumba ya jamii yake ya njano na kuyatia kwenye supu. Wanayaita sindano za dhahabu. Yapikwe, msile mengi kwa pamoja, na yungiyungi wa aina nyingine usimguse. Na paka asiyaonje kabisa, figo zake zitakufa.

Hatuna paka. Mafundo mawili yakafunguliwa.

Mke wangu alikata matumba, akayaosha maji matatu, akakaanga kitunguu, kitunguu saumu na pilipili hoho, akayamwaga humo dakika chache tu. Yalitoa harufu kama ya maharage machanga. Wageni walipofika wakauliza bustani iko wapi, nikawaambia tuanze na chakula kwanza. Sahani ile iliisha kabla ya nyama. Mzee mmoja wa kwetu Muleba alirudia mara tatu, anauliza ni mboga gani, na Jumatatu nikasikia hakwenda kazini, ila sikuuliza sababu.

Katikati ya kula mama akapiga simu ya video. Kule ilikuwa usiku tayari, amejifunga kitenge begani, shangazi amejibana pembeni ili naye aonekane.

"Tuonyeshe hayo maua."

Nikageuza simu taratibu. Ikapita kwenye mashina sita yaliyokatwa, ikapita kwa mke wangu aliyekuwa anatazama pembeni, ikaishia mezani, kwenye sahani tupu yenye mafuta.

"Yako wapi?"

"Mama... tumeyala."

Nikamsikia akimgeukia shangazi. "Si unaona? Mimi nilimuuliza."