Utenzi Mbele ya Kamera

Mshairi Mwana Kupona binti Msham alipotunga utenzi wake wa wasia kwa bintiye mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na beti za mwanzo zinatuingiza katika chumba chenye watu wawili, mama aliyeshikwa na maradhi na binti anayeitwa asogee karibu. "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati," anaanza, na punde si punde anamtaka binti huyo aketi mbele yake akiwa na wino na karatasi. Wanaoona kwamba ushairi hauna mahali katika filamu wangezitazama upya beti hizo, kwa kuwa tayari zina pahala, wahusika na tendo. Msomaji wa leo asiyekijua Kiamu, lahaja ya Lamu, hukwama kwenye neno "negema". Mwigizaji akinyoosha mkono na binti akajongea, neno limefasirika bila kamusi.

Tena utenzi haukutungwa ili usomwe kimya. Hughaniwa kwa mahadhi, na msikilizaji huvuta subira akisubiri kile kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Kitabu ndicho kilichoifuta sauti hiyo, hata tukawa na wanafunzi wanaohesabu mizani kwa vidole bila kuwahi kusikia ubeti mmoja ukighaniwa. Kwa upande huu, video ya mghani wa Lamu aliyeketi barazani inaurudishia utenzi kitu kilichokuwa chake tangu awali.

Hata hivyo kila chombo hutoza ushuru wake, na jambo hili tulilijua kabla ya video. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri, na sahani hizo zikaifikisha sauti yake kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Unguja. Lakini upande mmoja wa sahani za wakati ule ulichukua takriban dakika 3 tu, na wimbo wa taarab, ambao mbele ya hadhira hurefushwa kadiri wasikilizaji wanavyoridhika, ulilazimika kuingia katika kipimo hicho. Tulipata sauti, tukapoteza muda wake. Sidhani kama yupo anayetamani sahani zile zisingetengenezwa.

Ushuru wa picha ni mzito zaidi, kwa sababu unatozwa penye fumbo. Katika taarab, mwimbaji hamtaji mtu. Beti huimbwa, na mwanamke mmoja ukumbini huinuka kwenda kutunza penye ubeti anaouona umemsemea yeye na ugomvi wake. Mwingine aliyeketi kiti cha pili huusikia ubeti uleule ukisema jambo tofauti kabisa. Video ya wimbo huohuo ikishaonyesha mume fulani, mke fulani na nyumba fulani, fumbo limefumbuliwa kwa niaba ya wote, na yule wa kiti cha pili hana tena sababu ya kuinuka.

Utenzi wa Mwana Kupona unatupa mtihani mkali wa jambo hili. Baada ya kile chumba cha mwanzo, matukio yanakoma na wasia unaanza, ukiwamo ule wa namna ya kukaa na mume: akilala asisumbuliwe, apapaswe, asikose wa kumpepea. Wako wanaosoma hapo utiifu mtupu, na wako wanaosoma busara ya mwanamke anayemfundisha bintiye kupata nguvu ndani ya nyumba ambamo sheria hazikuwekwa na wanawake. Maneno yenyewe yanazibeba tafsiri zote mbili. Kamera haiwezi kuzibeba kwa urahisi huo, kwa kuwa mwigizaji anayeshika upepeo lazima awe na uso, na uso huo ukiinama au ukitabasamu umeshatoa hukumu.

Riwaya, kwa maoni yangu, huvumilia zaidi. "Vuta N'kuvute" ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kusomwa sana katika kidato cha tano na cha sita Tanzania, ilifanywa filamu na Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Filamu ya saa moja na nusu hivi isingeweza kumfuata Yasmin, mhusika mkuu, kila alikopita, na ililalia zaidi mapenzi yake na Denge na harakati za kuupinga ukoloni Zanzibar ya miaka ya 1950. Anayekipenda kitabu atamkosa msimulizi, maana msimulizi wa Adam Shafi huwahurumia watu wake hata anapowacheka, na sauti ya namna hiyo haina mwigizaji. Lakini Mwajuma, anayempa Yasmin hifadhi, ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab kwelikweli, na anapoimba tunapata kitu ambacho ukurasa unaweza kukitaja tu. Riwaya imesimama juu ya matukio. Yakipunguzwa, yanayobaki bado yanatembea. Shairi limesimama juu ya maneno yake yenyewe.

Walimu wana hofu yao, kwamba mwanafunzi akishatazama hatasoma. Hofu hiyo ni ya haki pale filamu inaposhika nafasi ya kitabu teule usiku wa kuamkia mtihani, ingawa mwanafunzi aliyeisikia lahaja ya Unguja ikisemwa hurudi kwenye kitabu akiwa na masikio mapya.

Kinachonisumbua zaidi ni mazoea ya video za mashairi ambazo, shairi likitaja bahari, huleta mawimbi, na likitaja machozi, huleta jicho linalolia. Hapo mtazamaji haachiwi kazi yoyote. Ningependa kuona wasia wa Mwana Kupona ukirekodiwa katika chumba kimoja, mama akisema na binti akiandika, mume asionekane kamwe, na kamera ikae muda mrefu kwenye mkono wa binti ili tuone ni penye ubeti upi kalamu inasita.